Uaminifu wa Mnunuzi Hauombwi

Bila shaka umepata kusikia, msomaji, maneno haya katika mikutano ya hadhara, katika maonyesho ya biashara, na pengine katika paredi ya shule yako: "Nunueni vya kwenu." Msemaji huinua sauti. Husema kuwa shilingi inayotolewa katika duka la mgeni ni shilingi iliyovuka bahari, na kwamba mnunuzi anayempita mwenye duka wa nchi yake akaenda kwa mgeni amewasaliti wazee wake. Watu hupiga makofi. Kisha mkutano huvunjika, na msemaji huingia katika gari lake akaenda kununua mkate katika duka lile lile alilolitukana, kwa kuwa huko pana nafasi ya kuegesha. Nimeona jambo hili kwa macho yangu. Simlaumu kwa mkate wake. Namlaumu kwa hotuba yake.

Hotuba hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa mnunuzi ni mdeni wa mwenye duka kwa sababu wote wawili wamezaliwa chini ya bendera moja. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kulifunika deni la kweli tulilo nalo kwa wenye maduka walio karibu nasi, deni lililoandikwa kwa kalamu katika daftari, lenye tarehe na jumla. Nitaanza na kosa la kwanza. La pili linanigusa mimi mwenyewe, nami ningependa nipate muda kabla ya kulifikia.

Mtu asije akasema kuwa wananchi hawana mapenzi na vitu vyao. Mapenzi yapo. Mwanzoni mwa Januari 2022 migahawa ya KFC, ambayo iliingia Nairobi mwaka 2011, iliishiwa na chipsi. Sababu iliyotolewa ni kuwa viazi vyake vilitoka ng'ambo, na shehena imechelewa njiani kwa ajili ya maradhi ya korona. Watu walishangaa kwanza, kisha wakakasirika. Katika Kenya viazi ni zao la chakula la pili baada ya mahindi. Hulimwa Nyandarua, Meru, Nakuru na Elgeyo Marakwet, na katika soko la Marikiti, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, magunia yake hupangwa kama ukuta. Kampuni ikajitetea kuwa kila anayeileteа bidhaa sharti kwanza apimwe kwa kanuni zake za ulimwengu mzima. Watu wakahimizana kuisusa. Haukupita muda mrefu, kampuni ikasema kuwa itatafuta viazi vya hapa nchini.

Litazame vizuri jambo hilo. Hasira ile ilikuwa ya kweli, tena ya haki. Walakini haikuwa hasira ya mtu anayekwenda kula kwa jirani. Ilikuwa hasira ya mtu anayetaka kula pale pale, ila viazi viwe vya shamba la shangazi yake. Migahawa ile haikufungwa. Mapenzi ya nchi yaweza kumfanya mtu apige kelele kwa siku 3. Hayawezi kumfanya arudi kwenye mlango mmoja kwa miaka 30. Anayetaka kujua nini humrudisha, na nini humfukuza, na ayatazame maduka makubwa yaliyokuwa ya kwetu.

Chukua Uchumi. Ilianzishwa mwaka 1975, serikali ikiwa mlezi wake, kwa kusudi la kumpatia mwananchi mahitaji yake kwa bei ya haki na kuvipa viwanda vya nchi pahali pa kuuzia. Jina lenyewe lilikuwa hotuba. Kama kuna supamaketi iliyostahili kuitwa ya kwetu, ni hiyo. Juni 2006 milango yake ilifungwa kwa ajili ya madeni. Serikali ikaiokoa, ikafunguliwa Julai, na wanunuzi wakarudi. Wakarudi, msomaji, bila kubembelezwa. Lakini waliokuwa wakiileteа bidhaa walikuja kukosa malipo tena. Mwaka 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, na matawi ya Kenya yakafuata, moja baada ya jingine.

Nakumatt ni kisa kikubwa zaidi. Jina hilo ni mkato wa Nakuru Mattresses, kwa maana ilianza kwa kuuza magodoro mjini Nakuru. Na Tuskys nayo kwanza iliitwa Tusker Mattresses, hata mtu aweza kusema kuwa biashara kubwa ya Nairobi iliamka kutoka godoroni. Katika siku za fahari yake Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na wanunuzi wake walibeba kadi iliyowahesabia pointi kila waliponunua kitu. Septemba 2013 magaidi walilishambulia jumba la Westgate, pale Westlands, ambamo Nakumatt ilikuwa duka kubwa kupita yote. Watu 67 waliuawa. Jumba lilipofunguliwa tena Julai 2015, Nakumatt ilifungua pia, na wanunuzi wakaingia, wengine wakiwashika watoto wao mkono. Kama kuna mtihani wa uaminifu mgumu kuliko huo, mimi siujui.

Basi ni nini kilichowafukuza watu hao ambao risasi hazikuwafukuza? Ni rafu tupu. Kufika mwaka 2017 magazeti yalikuwa yakichapisha picha za rafu hizo. Waletaji wa maziwa, wa unga, wa sabuni na wa karatasi hawakulipwa, nao wakaacha kuleta. Miongoni mwao walikuwamo wakulima na wenye viwanda vidogo wa nchi hii hii, watu waliotoa mali yao kwa kuliamini jina. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Madeni yake yalizidi shilingi bilioni 30. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Kadi za pointi zikabaki kadi. Tuskys ikapita njia hiyo hiyo mwaka 2020 na 2021.

Mwenye hotuba atasema: "Mnaona? Wageni wametumaliza." Huo ni uvivu wa kufikiri. Ni kweli kwamba katika jumba la Junction, barabara ya Ngong, ilipotoka Nakumatt, na katika Sarit Centre, ilipotoka Uchumi, iliingia Carrefour, yenye jina la Ufaransa na mwendeshaji wa Dubai. Lakini iliingia katika chumba kilichokwisha kuhamwa. Tena ugeni si hirizi. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Westgate Desemba 2018 kuchukua nafasi ya Nakumatt, na mwaka 2020 ikatangaza kuwa inaondoka Kenya. Choppies ya Botswana iliingia mwaka 2016, ikatoka baada ya miaka michache. Hiyo Carrefour yenyewe, Desemba 2023, ilitozwa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea waletaji wake wawili. Na Naivas, iliyoanzishwa na familia moja ya upande wa Nakuru mwaka 1990, ilisimama wakati wenzake walipoanguka, kisha mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius pamoja na washirika wake ikanunua sehemu 40 katika kila 100 za mali yake. Sikusikia mnunuzi hata mmoja aliyerudisha mkate siku hiyo.

Tena, msomaji, ni nani huyo "wa kwetu"? Barabara ya Biashara mjini Nairobi iliitwa zamani Indian Bazaar, na wako wauza vitambaa wa Kihindi ambao babu zao walifungua maduka mjini kabla babu yangu hajauona mji huu. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyomzuia asiye raia kufanya biashara katika mitaa fulani na kuuza bidhaa fulani. Wahindi wengi wenye paspoti za Uingereza wakaondoka nchini mwaka huo na mwaka uliofuata. Maduka yakabadili wenyewe. Sheria iliweza kulibadili jina lililo juu ya mlango. Haikuweza kumpitisha mnunuzi mlangoni. Shangazi yangu, anayeishi shamba, hununua vitambaa kwa mzee mmoja aliyebaki, na hunipa sababu moja tu: "Yadi yake ni yadi." Mzee huyo ni raia wa Kenya, naye shangazi hajapata kumwuliza.

Yadi kuwa yadi, kilo kuwa kilo, na kitu kuwapo siku unayokihitaji: hayo si mambo ya kabila wala ya bendera. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Duka linalokwenda huku na huku likiomba lipendwe kwa ajili ya asili yake limekwisha kukiri kuwa halina jingine la kupendewa.

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini, na mwenye supamaketi angefurahi. Lakini sijasema habari ya duka dogo, na hilo ndilo duka la kwetu hasa. Panda basi namba 46 mjini, ushuke Kawangware. Upande mmoja wa barabara ni Lavington, yenye nyua za maua na walinzi. Upande wa pili vibanda vimebanana bega kwa bega. Kibanda hufunguliwa kabla ya alfajiri, wakati vibarua wanapotoka kwa miguu kwenda kazini Lavington na Kilimani, na hufungwa usiku wa saa nne. Mafuta ya kupikia hupimwa ya shilingi 20. Mkate hukatwa nusu. Sukari hufungwa robo, na sabuni huuzwa kwa kipande.

Mwenye akili ya hesabu atasema kuwa mafuta ya kupimwa ni ghali kuliko ya chupa. Ni kweli, na kila mama wa Kawangware ajua hivyo. Lakini chupa ya shilingi 600 inauzwa kwa mwenye shilingi 600 leo. Kibarua wa siku hana shilingi 600 mara moja; ana 20 mara 30. Supamaketi haiwezi kumpimia. Na siku ambayo hana hata hizo 20, mwenye kibanda huvuta daftari lililo chini ya meza, huandika jina na kitu na bei, kisha humpa. Hamwulizi kitambulisho. Amemtazama usoni, basi.

Zamani wako watu waliolikataa daftari hilo. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, mafundi 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao la ushirika. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Bidhaa zao zilikuwa safi, mizani yao ilikuwa ya haki, na faida waligawiana kwa kadiri ya mtu alivyonunua. Lakini hawakukopesha mtu. Walijua kuwa deni la jirani limekwisha kuyaua maduka mengi. Ushirika wa ulimwengu mzima umejifunza kwao, nami nawaheshimu. Hata hivyo mama wa Kawangware hakuifuata njia yao, wala hawezi, kwa maana wateja wake wangekufa njaa wiki ya tatu ya mwezi. Yeye hutangulia kuamini. Anatupa uaminifu wake kwanza, umefungwa katika gazeti pamoja na sukari.

Sasa nimefikia jambo nililokuwa nikilikawiza.

Nilipotoka chuo cha ualimu nikapewa kazi upande huo wa mji, mshahara wangu wa kwanza ulikawia miezi 3. Sikuwa na ndugu Nairobi. Mama mmoja mwenye kibanda karibu na chumba changu alinipa unga, mayai, mafuta ya taa na mkate kwa miezi hiyo 3, akisema tu, "Mwalimu, utalipa ukilipwa." Mshahara ulipokuja, ulikuja wa miezi yote mitatu pamoja, na sijapata kushika fedha nyingi hivyo. Nikaenda mjini. Nikanunua suti na viatu. Nikaingia katika supamaketi, nikasukuma kigari nikakijaza, nikalipa taslimu, nikashukuru kwa adabu. Kisha nikarudi kwangu kwa njia ya nyuma, kando ya mtaro, ili nisipite mbele ya kibanda. Nilikuwa nadaiwa shilingi 7,460.

Niliipita njia hiyo ya mtaro majuma 5. Mama yule hakunitumia mtu. Tulipokutana kanisani alinisalimu, "Hujambo, mwalimu," nami nikajibu nikitazama viatu vyangu vipya. Kijana wake alikuwa katika kidato cha pili, darasani kwangu. Asubuhi moja nililetewa orodha ya wanafunzi waliotakiwa kurudi nyumbani kwa sababu ya karo, nikaisoma kwa sauti kama nilivyoagizwa, na jina lake lilikuwa la nne. Alikuwa amebakiza shilingi 6,000. Akakusanya madaftari yake, akasema, "Kwaheri, mwalimu," akatoka. Somo nililokuwa nikifundisha saa ile lilikuwa la biashara.

Unaona sasa kwa nini sina haki ya kuihukumu Nakumatt kwa sauti kubwa. Ilichukua mali kwa kuaminiwa, ikalipa kwingine. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa kipimo cha mayai. Na si mimi peke yangu. Tazama tunavyoishi: kwa mgeni tunalipa taslimu, kwa jirani tunakopa, kwa mgeni tunasimama katika foleni kimya, kwa jirani tunagombania bei ya nyanya moja, kisha jirani akifunga tunasikitika na kusema kuwa watu wa kwetu hawajui biashara. Siku hizi hata simu hukopesha, M-Shwari tangu mwaka 2012 na Fuliza tangu mwaka 2019. Lakini simu hutoza ada, na Fuliza hujilipa yenyewe mara fedha zinapoingia. Mama mwenye kibanda hana mkono wa kuingia mfukoni mwako, kwa hiyo yeye hulipwa wa mwisho, akilipwa.

Utaniambia kuwa wewe ni mwanafunzi, na deni hilo si lako. Nakubali. Lakini ni nani anayetumwa? Ni wewe unayetumwa jioni na chupa tupu na maneno haya: "Mwambie mama atalipa mwisho wa mwezi." Unalijua daftari lile kuliko baba yako. Umeliona likifunguliwa, umeliona jina la nyumba yenu na safu ya tarakimu chini yake, nawe umejifunza kuangalia kando wakati kalamu inapoandika. Na mwisho wa mwezi unapofika, umeona familia ikirudi na mizigo ya supamaketi, nawe umeambiwa upite upesi. Uliza nyumbani kwa nini. Huenda ukaambiwa kuwa fedha hazikutosha, na mara nyingi hilo ni kweli, wala si aibu. Lakini huenda zilitosha. Swali hilo mtoto aweza kuliuliza kwa heshima, na mzazi aweza kulijibu.

Wako watakaosema kuwa nawatetea wenye vibanda kana kwamba ni malaika. La. Nimeuziwa maziwa yaliyotiwa maji, na nimepimiwa unga kwa kopo lililobonyezwa chini makusudi. Mwenye kibanda wa namna hiyo mwache, hata kama mmezaliwa kijiji kimoja. Humdai udugu naye hakudai. Ninayemtetea ni yule aliyekupa kipimo kamili siku ambayo hukuwa na kitu. Kumwacha huyo bila kumlipa, kisha kwenda kulipa kwingine, huko hakuitwi kuchagua duka.

Jioni ya siku ile nilikwenda kwa njia ya mbele. Nilichukua karadha kwa mwalimu mwenzangu kwa sababu suti ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya fedha. Mama yule alizihesabu noti mara mbili, akafungua daftari, akaweka rula, akapiga mstari chini ya jina langu, akaandika "imelipwa." Hakusema neno la lawama, aliniuliza kama nataka mkate. Kijana alirudi darasani keshoye, akiwa amekosa siku moja tu, kwa hiyo baadhi ya walimu hawakujua hata kwamba alikuwa ametoka.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Supamaketi ile niliyosukuma kigari imefungwa. Kibanda kingaliko, kimeezekwa mabati mapya na namba ya kulipia kwa simu imepakwa rangi ukutani, na daftari lingali chini ya meza. Juzi nilichukua maziwa pakiti 2 na mkate. Nimeandikwa humo hadi Ijumaa.